Jiko la Watu Wawili

Usiku wa jana niliiota tena Jumanne ile, tarehe tisa Julai, siku jiko letu la chuma lilipopasuka tumbo, na ofisi ya shamba la chai ikaniletea fomu badala ya jiko. Nyumba hizi walizijenga Wazungu, zina kuta nene na baridi nene zaidi. Bila jiko la kuni hulali. Fomu iliuliza kitu kimoja tu: wanaolala humu ni wangapi. Mmoja anapewa jiko namba moja, la kuchemshia chai. Wawili wanapewa namba tatu, kubwa, la kupasha nyumba nzima joto.

Mke wangu Desideria alikufa mwaka juzi, kwa kifua. Niliandika wawili.

Ofisi ndiyo iliyomuua, nikajiambia. Acha na wao wadanganywe kidogo.

Basi ndotoni mtunza stoo, Bwana Luvanda, anakuja na mizani ya kupimia majani ya chai. Anaitundika nyumba yangu nzima kwenye ndoano kama gunia. Hakuna anayeshangaa. Wachumaji wamepanga mstari nyuma yangu, kila mmoja na nyumba yake kichwani.

Luvanda anasoma, anakata kilo mbili za maji, eti za umande, kama kawaida yao, halafu anatangaza kwamba nyumba ina mtu mmoja na kilo arobaini za baridi.

Nikafanya tulichokuwa tukifanya na majani zamani. Nikatumbukiza jiwe kuongeza uzito. Nikatumbukiza viatu vya marehemu, kisha sweta lake. Mshale haukusogea.

"Mzee Kihongosi," anasema Luvanda, "uzito wa marehemu hatuupokei bila mwenyewe."

Wachumaji wakatazama chini, kwa kunionea aibu.

Kufumba na kufumbua tuko zahanati. Kitandani limelala jiko namba tatu, limefunikwa blanketi hadi shingoni, linakohoa kikohozi cha Desideria. Nikaliambia pole. Likauliza mwenzangu yuko wapi, maana limeambiwa linakwenda kwa watu wawili. Nikasema amekwenda kuteka maji. Likanitazama miguuni.

Likasema haliji. Kwangu ni kubwa mno: nitalilisha kuni tatu, nitoke jasho, nifungue mlango, nigande upya. Halafu likauliza baridi kilo arobaini inapita wapi.

Hapo nikaanza hotuba yangu. Meneja. Ofisi. Kioo cha dirisha la chumbani kilichovunjika, barua nne nilizowaandikia wasijibu hata moja, na kwamba kioo ni kazi yao, si yangu, mimi sikugusa na nisingegusa. Nilisema kwa sauti, wagonjwa wote wasikie.

Jiko likangoja nimalize.

"Tundu lenyewe lina ukubwa gani?"

Nikaonyesha ngumi.

"Upande aliolala nani?"

Upande wake, nikasema.

"Baba Yustina," linasema, sasa kwa sauti ya Desideria mwenyewe, taratibu, kama alivyokuwa akiniomba nimsogezee chumvi, "hapo palitaka jiko namba ngapi?"

Nilitaka kumtaja meneja. Mdomoni ukatoka moshi.

Nikaamka. Kumekucha, na chumba hakina ile baridi ya siku zote. Nikageukia dirisha. Tundu limezibwa kwa soksi ya sufu, ya kijani, imekunjwa vizuri.

Soksi hizo zilikuwa jozi moja tu humu ndani. Nilimvisha Desideria zote mbili siku ya kumzika, kwa mikono hii, kwa sababu alikuwa mtu wa kuona baridi.

Sijamaliza kuishika, hodi mlangoni. Ni Luvanda, wa kweli, na fomu yangu mkononi. Anasema ofisi wanataka kuhakikisha kabla jiko halijapakiwa garini. Amefungua kalamu.

"Shikamoo mzee. Humu ndani mko wangapi?"

Bado amesimama pale.