Homa ya Maziwa

Mwaka hamsini na tatu mimi ndiye niliyekuwa dresa wa zahanati ya kisiwani kwetu, huku deltani. Nilisomea miezi tisa, nikapewa cheti na koti jeupe, na tangu siku hiyo sikumwuliza mtu kitu. Miraji haulizi, Miraji huulizwa.

Wakata mikoko niliwajua miguu yao kuliko nyuso zao. Mtu akijikata na shoka, kidonda kikaanza kunuka na homa ikapanda, sikupoteza muda: sindano ya penisilini asubuhi na jioni, hata kama kabatini zimebaki chupa mbili. Mzazi aliyetoka kujifungua akipata homa, hiyo ni homa ya maziwa. Akamuliwe, apewe aspirini na kwinini, basi. Ndivyo nilivyofundishwa.

Mzazi mwenyewe sikumwona. Dresa ni mwanamume, na mwanamume wa nje haingii chumba cha mzazi. Nilisimama nyuma ya pazia nikamwuliza mkunga wetu, Bi Mashavu: joto vipi, maziwa yamejaa? Ananijibu, naandika kitabuni, nakwenda zangu.

Mke wangu Mwantumu akajifungua mtoto wa kike. Siku ya tatu, homa. Nikasimama nyuma ya pazia la nyumba yangu mwenyewe, nikauliza maswali yale yale, nikapitisha vidonge. Siku ya nne nikapitisha vingine. Siku ya tano nikamsikia akimwita mama yake, aliyekufa zamani, amletee maji.

"Bi Mashavu, nifanyeje?"

"Dresa haingii," alisema. "Lakini mume akitaka kumwona mkewe, nani atamzuia?"

Nikaingia. Lo! Sikufika hata kitandani. Harufu ile ilikuwa ya mguu wa mkata mikoko ulioingia usaha, haina tofauti. Nikatimua mbio mpaka zahanati, watu wakadhani kuna moto. Nikamchoma sindano asubuhi na jioni, siku saba. Siku ya tatu ya sindano akafumbua macho, akaniambia koti langu chafu. Nikalia, wala sikuona haya.

"Mbona hukuniambia kuna harufu?" nikamwuliza Bi Mashavu.

"Ebo! Wewe uliuliza joto na maziwa. Mambo ya ndani yale nimtajie mwanamume bila kuulizwa?" Akaendelea kukunja nguo za mtoto. "Marehemu Mwanaidi naye alikuwa hivyo hivyo."

Mwanaidi, aliyekufa siku chache baada ya kujifungua, nilimwandika homa ya maziwa kwa mkono wangu, mwaka mmoja nyuma.

Jioni ile mumewe, Bwanaheri, akaja kutujulia hali. Ameleta kamba wa mchuzi wa mgonjwa. Tukakaa barazani.

"Alhamdulillahi, shemeji amepona," alisema. "Ulimpa dawa gani?"

"Penisilini."

"Ile uliyonichoma mimi nilipojikata mguu?"

"Ile ile."

Akautazama mguu wake. Ulipona mwezi mmoja kabla Mwanaidi hajajifungua, na hilo tulilijua sote wawili. Ningeweza kumwambia kwamba wakati ule dawa ilikuwa imekwisha, na angeniamini.

"Basi ilikuwepo," alisema.

"Ilikuwepo," nikamjibu.