Kichupa Kilichokaa Mfukoni

Kipenga aliingia chumba cha dharura akicheka, na hicho kicheko ndicho kilichotaka kumponza. Mguu ulikuwa umevimba kwa kukanyaga msumari na homa ilikuwa imempanda, lakini mdomo ulikuwa mzima kabisa. Yeye ni mwamuzi wa mpira, na jioni hiyo alikuwa na mechi ya kuchezesha.

"Shemeji, ninyonye taratibu," alimwambia mpima damu, mke wa kaka yake. "Damu yenyewe ya kuungaunga."

"Nyamaza wewe. Hizo penalti zako za kuzua ndizo zimekurudi."

Hao wawili wakikutana, utani hauna breki. Wakachambana, wakacheka mpaka wagonjwa wengine wakageuza shingo, na muda wote huo kichupa cha damu kilikuwa kwenye mfuko wa koti la mpima damu, kinapata joto. Tena kichupa cha lakteti! Lakteti hujaa kwenye damu mwili unapoelemewa na maambukizi, na ikipanda sana, hata mgonjwa anayecheka anaweza asifike kesho. Kichupa chake huwekwa kwenye barafu na kupelekwa mbio. Kikiachwa kwenye joto, damu huendelea kuitengeneza humo humo, na mashine husoma uongo.

Huko maabara mashine ikatoa namba iliyomkata maini mpima damu. Ilikuwa juu mno. Akaukumbuka mfuko wake, na aibu ikamwasha masikio. Hii ni damu ya shemeji yake, au ni joto la koti?

Aliporudi, daktari alikuwa ameshaandika vidonge vya kumezea nyumbani, na Kipenga ameshavaa kiatu kimoja.

"Dakta, lakteti iko juu sana. Lakini kichupa kilikaa mfukoni mwangu. Nilikuwa napiga soga."

Daktari alimtupia jicho kali. "Basi kuiamini siwezi, na kuipuuza siwezi. Niletee nyingine, haraka."

"Mimi sichomwi tena," Kipenga akadakia. "Timu mbili zinanisubiri."

Mpima damu alipandwa na hasira, ile hasira ya kumpenda mtu. Akamvua kile kiatu, akakisukumia chini ya kitanda.

"Haya, nenda! Kachezeshe peku!" Kisha sauti ikamkatika. "Lete mkono, shemeji. Nakuomba."

Kipenga hakuwahi kumsikia akimwomba kitu. Akanyoosha mkono.

Safari hii hakuna soga. Kichupa ndani ya kikombe cha barafu, na huyo, mbio kwenye korido! "Pisha! Pisha jamani!" Nusura ampige kikumbo mfagizi na ndoo yake. Akaisimamia mashine, akiihimiza kwa maneno kana kwamba ina masikio.

Namba ikatoka. Ilikuwa juu kuliko ya kwanza.

"Ni yeye, dakta!" alipiga kelele kabla hajafika mlangoni. "Siyo koti! Ni damu yake!"

Daktari hakuuliza mara mbili. Dripu zikafunguliwa, antibiotiki ikaingia mshipani, manesi wakazunguka kitanda. Na kweli, dripu ya kwanza haijafika nusu, presha ya Kipenga ikaporomoka na mzaha wote ukamtoka. Muda huo angekuwa katikati ya uwanja.

Usiku walipima tena. Mpima damu aliikodolea macho mashine. Imeshuka! Hakuamini, akarudia kupima. Imeshuka kweli! Akarukaruka humo maabara peke yake, mtu mzima na koti lake jeupe, kisha akatoka mbio kwenda kumwambia daktari, ambaye naye alipiga ngumi mezani kwa furaha.

Kipenga alikuwa amefumbua macho, midomo imemkauka.

"Shemeji," alinong'ona, "nilikuwa nakwenda, eti?"

"Ulikuwa unakwenda." Alikaa ukingoni mwa kitanda, akaushika mkono wake kwa mikono miwili, akicheka huku machozi yanamtiririka. "Sasa huendi popote."