Weka Kalamu Chini

Kwa miaka ishirini na miwili, hapana daktari aliyemgusa mgonjwa katika hospitali ya New Drenthe, Iowa, bila kwanza kupita mikononi mwa Marlys Hoekstra. Yeye hakuwa daktari, wala muuguzi. Alikuwa katibu wa ofisi ya madaktari, chumba chenye dirisha moja linalotazama maegesho ya magari na, ng'ambo yake, mashamba ya mahindi. Lakini shahada, leseni, vyeti, hata ule mwaka mmoja uliopotea katikati ya kazi mbili bila maelezo, vyote hivyo Marlys alivifuata kwa simu mpaka vikatoa jibu. Daktari mmoja aliwahi kusema ni rahisi kumwoa binti wa mchungaji kuliko kupita kwa Marlys. Neno hilo alilipenda. Alilirudia kanisani, kwenye kahawa baada ya ibada, mara nyingi kuliko ilivyofaa.

Basi tuseme wazi: alikuwa mwanamke wa kujivunia. Na mpanda ngazi hushuka.

Jumanne moja ya mwezi Machi, mezani pake palikuwa na faili la Dokta Keaton Pruitt. Hospitali ilikuwa imekaa miezi minane bila daktari wa upasuaji. Wajawazito waliohitaji kupasuliwa walikuwa wakipelekwa mji wa Sioux Falls, mwendo wa saa nzima pakiwa hakuna theluji, na bodi ilishasema asipopatikana mtu kabla ya kiangazi, wodi ya wazazi itafungwa. Pruitt alipokuja kuutazama mji, alikaribishwa kwenye ukumbi wa kanisa, akala nyama ya nguruwe na viazi vya jibini, akaomba sahani ya pili, akawaita kina mama kwa majina yao. Wakampenda wote. Kamati ya kupima madaktari ingekutana kesho yake saa moja asubuhi, na kura ilikuwa kama imeshapigwa.

Ilibaki karatasi moja tu, barua ya hospitali aliyotoka, huko Nebraska. Marlys aliifungua huku akitafuna keki. Ilikuwa na sentensi moja: "Dokta Pruitt alikuwa miongoni mwa madaktari wetu kuanzia tarehe 1 Julai hadi tarehe 14 Novemba mwaka uliofuata, na alipoondoka hakuwa chini ya uchunguzi wowote; kwa mujibu wa taratibu zetu, hatutoi maelezo zaidi."

Akaacha kutafuna. Sentensi ile aliijua, kwa sababu ilikuwa yake.

Miaka sita nyuma, Dokta Warren Brill alikuwa amekata mrija wa nyongo usiotakiwa kukatwa, mara ya kwanza kwa mkulima, mara ya pili kwa mwalimu wa piano. Wote wawili waliponea chupuchupu. Kamati ikakaa. Mwenyekiti wake, Dokta Wendell Brandsma, mzee wa kanisa aliyewazalisha nusu ya kina mama wa mji na asiyepandisha sauti hata kwa mbwa, alimgeukia Marlys aliyekuwa akiandika kumbukumbu za mkutano.

"Weka kalamu chini, Marlys."

Akaiweka. Ndiyo ilikuwa desturi yao. Likiingia jambo la aibu, kalamu chini, na lisiloandikwa halikutokea. Wakakubaliana Brill ajiuzulu kabla uchunguzi haujafunguliwa, maana ukishafunguliwa, jina lake lingepelekwa kwenye sajili ya taifa na kila hospitali nchini ingeliona. Funika kombe mwanaharamu apite. Kisha Brandsma akamwomba Marlys atunge barua isiyo na uongo ndani yake. Aliitunga kwa siku mbili, na kweli, uongo haukuwamo hata chembe. Mungu amsamehe, aliionea fahari. Mwaka uliofuata aliigawa kama mfano katika semina ya makatibu wenzake huko Des Moines, nakala arobaini, yeye mwenyewe kavaa koti jipya.

Alipiga simu Nebraska. Aliyepokea ni katibu mwenzake, Deanne Sobotka, ambaye hospitali yake ndiyo iliyomchukua Brill baada ya kujiuzulu.

"Deanne, mambo? Marlys hapa. Nimepata barua yenu ya Pruitt."

"Najua umeipata."

"Sasa mwenzangu, mbona barua yenyewe bubu hivi? Hebu nimegee kidogo. Mimi na wewe tu."

"Dokta Pruitt alikuwa miongoni mwa madaktari wetu kuanzia tarehe..."

"Deanne, kusoma najua."

"Na kuandika pia unajua. Si yako hiyo? Des Moines nilikaa meza ya pili, nakusikiliza kama mahubiri. Nilipoiona nikasema, kumbe ndiyo ile ya Brill! Basi kama Marlys anaifundisha, haina ubaya. Sikubadilisha hata nukta."

Marlys akacheka kidogo, kicheko cha kuomba njia. Deanne hakucheka.

"Na mimi nilikupigia, unakumbuka? Nikakuuliza peupe: Marlys, wewe ungekubali Brill akupasue? Ukanisomea sentensi. Nikakuuliza tena. Ukanisomea tena, polepole, kama vile naandika imla."

"Deanne, mimi..."

"Brill alimpasua mpishi wa shule. Miaka arobaini na minne. Aliingia Jumatatu atolewe mfuko wa nyongo, jioni arudi kwake. Alikaa siku kumi na moja, tukamzika. Binti yake anasoma na wangu. Nikimwona dukani nageukia makopo ya maharage, nayasoma kama Biblia."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniandikia barua?"

Deanne akashusha sauti.

"Sikiliza, dada. Mwanasheria wetu kanikataza nisitoe neno. Umeniuliza kama nilivyokuuliza, nimekujibu kama ulivyonijibu. Lakini barua ile maana yake unaijua. Hakuna anayeijua kukushinda."

Simu ikakatwa. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Marlys aliilaza barua kifudifudi mezani, kana kwamba ingemtazama. Aibu ilimpanda kutoka shingoni mpaka masikioni, akatamani ardhi ipasuke immeze na kiti chake. Lakini kilichomuumiza zaidi kilikuwa kidogo. Aliikumbuka siku ile Deanne alipompigia. Alikumbuka jinsi alivyojisifu moyoni kwa kutotetereka, na kwamba baada ya kuweka simu alishuka kantini akala supu ya njegere, na ikamnogea.

Asubuhi madaktari watano walikaa na kahawa yao na mikate ya nyama. Brandsma akafungua kikao.

"Dokta Pruitt. Huyu sidhani kama atatuchukulia muda."

"Naomba kusema," alisema Marlys.

Wakamtazama kama vile kabati limesema. Katika miaka yote hiyo alizungumza alipoulizwa tarehe tu. Akawaeleza kuhusu barua, kuhusu Deanne, kuhusu Brill, kuhusu mpishi. Hakuzunguka.

"Barua ya Brill niliitunga mimi. Haikuwa na uongo, na ilimuua mtu. Hii ya Pruitt ni ileile."

Brandsma alikuwa mwekundu mpaka kwenye upara. "Mama, usijibebeshe lawama. Hukuwa peke yako. Sote tulikuwa hapa."

"Ndiyo, Dokta. Sote tulikuwa hapa."

Daktari wa watoto akasema, "Basi tumkatae. Yaishe."

"Tukimkataa lazima tutoe ripoti kwenye sajili ya taifa," alisema Brandsma, "naye atakuja na mwanasheria. Hakuna haja. Marlys atampigia, amshauri kirafiki aondoe ombi lake mwenyewe. Hakuna kura, hakuna ripoti, hakuna wa kugombana naye. Na watu wetu watakuwa salama."

Vichwa viliitikia kuzunguka meza. Na hapa ndipo aibu ya Marlys ilipofika chini kabisa, kwa maana kichwa chake nacho kiliitikia. Nafuu ilimteremka kifuani kama kahawa ya moto. Mji wao umepona! Alishaanza hata kupanga maneno ya kumwambia Pruitt, maneno mazuri, yasiyo na uongo.

Ndipo akajisikia anavyoyapanga.

"Atakwenda wapi?" akauliza.

"Nani?"

"Pruitt. Akitoka kwetu, atakwenda kwa nani?"

Brandsma alitazama saa yake, kisha akamtazama yeye kwa upole uleule wa miaka yote.

"Weka kalamu chini, Marlys."

Mkono wake ulikwisha anza kushuka wenyewe, kwa mazoea, kabla hajauzuia. Akaurudisha kwenye karatasi. Akaandika tarehe. Akaandika majina ya waliohudhuria. Akaandika kwamba Marlys Hoekstra ameieleza kamati hii kuwa barua ya Dokta Brill ilitungwa ili kuficha, na kwamba baadaye, huko Nebraska, alikufa mpishi wa shule aitwaye...

Kalamu ikasimama.

Hakuuliza. Yeye aliyefuata jina la kila chuo, na la kila mtu aliyetia sahihi kwenye kila cheti, alizungumza na Deanne simu nzima ile asiulize mwanamke yule aliitwa nani. Machozi yakamjia mbele ya madaktari watano, naye hakuyafuta.

"Marlys," alisema Brandsma.

"Nakusikia, Dokta."

Akaivuta simu ya katikati ya meza, akaiweka sauti wazi, akabonyeza namba aliyoikariri.

"Deanne, ni mimi. Niko na kamati nzima, wote wanasikia. Yule mpishi wenu, aliitwa nani?"

Daktari mmoja aliweka kikombe chake chini taratibu.

"Unaandika?" aliuliza Deanne.

"Naandika."

Deanne akalitaja jina, Jolene Kratochvil, kisha akalirudia herufi kwa herufi, polepole, kama anasoma imla.