Tosha ya Kadidja

Tangu tulipoikimbia vita mwaka wa tisini na tatu, mama yangu hakukanyaga tena Gitega. Si kwamba njia ilimshinda. Tuliporudi kutoka Tanzania tulipewa shamba Buhinyuza, huku Muyinga, na magari ya kwenda Gitega yapo. Kaka yangu Bonifasi anaishi kulekule, mtaa wa Musinzira, na kila Krismasi anakuja kumchukua. Kila Krismasi anaondoka peke yake.

"Sikutoka Gitega nimekaa," Mama humwambia. "Siingii nimekaa."

Alitoka kwa miguu, mimi mgongoni, nimefungwa kwenye kitenge chake cha rangi ya udongo, akaipita milima yote ile mpaka mpakani. Nilikuwa bado nanyonya na sikumbuki kitu. Kurudi tulirudishwa kwa lori, na lori lile hajalisamehe hadi leo. Anasema alirudi kama gunia la muhogo. Alijiapia kwamba kipande kilichobaki, cha kwenda kwao Gitega, atakitembea. Kisha magoti yakachakaa, na kiapo kikabaki maneno ya kusema jioni maharage yakichemka.

Basi niliposikia redioni kwamba kutakuwa na mbio za maili mia, kutoka Buhinyuza hadi uwanja wa Musinzira, kwa njia za milimani, sikuuliza hata zawadi ni nini. Maili mia ni kilomita mia na sitini. Nilijiambia kwamba mimi ni mkulima, napanda mlima kila siku na ndoo ya maji kichwani, na hii ni milima tu bila ndoo. Upumbavu wa namna hiyo ndio unaomfanya mtu ajiandikishe.

Masharti yalikuwa mawili. Mnakimbia wawili wawili, mmoja wa Muyinga na mmoja wa Gitega, na mmoja akiacha, wote wameacha. Tena mnatakiwa kufika kabla jua la siku ya pili halijazama. Likizama, kamba ya mwisho inakunjwa, na safari yenu haihesabiwi hata mkifika mnatambaa. Mimi nikapewa Kadidja.

Kadidja ni fundi cherehani wa soko la Gitega, mwembamba, na mdomo wake haujui kupumzika. Alikuja na suruali pana aliyojishonea mwenyewe, mtandio umebanwa vizuri, na kiunoni mfuko mdogo wenye sindano, uzi na mkasi. Nikamwambia tunakwenda kukimbia, si kushona.

"We Mutanzania," akanijibu, "nguo inapasukaka kila mahali."

Nilikasirika kabla hata hatujaanza. Mimi nimekulia kambini Kigoma, Kiswahili changu kimenyooka. Chake ni kama kilipita Bukavu, kikalala Bujumbura, kikaokota Kifaransa njiani na hakikukirudisha. Yeye naye alisema nazungumza kama mtu anayesoma habari redioni. Tukaanza hivyo, kila mmoja anamwona mwenzake ana kasoro.

Asubuhi ya kuondoka, Mama alinifunga kitenge kile mgongoni. Kilikuwa kimepauka na kuwa laini, hakina uzito wowote. Alikaza fundo kifuani pangu mpaka nikakohoa.

"Ulitoka ndani yake," akasema. "Sasa kirudishe kwa miguu. Ukikipandisha gari, usinionyeshe tena."

"Nitakuletea, Mama."

"Usiniletee hapa. Nipe kulekule."

Nikamuuliza kulekule wapi, wakati yeye haendi. Akaniambia nikimbie, wenzangu wanaondoka.

Tuliteremka hadi mto Ruvubu, tukavuka, tukaanza kupanda upande wa Karuzi, na kuanzia hapo sikuona tena mahali palipo tambarare. Unamaliza mlima mmoja, unakuta mwingine umekaa nyuma yake kama ulikuwa unasubiri zamu. Kwenye mikaratusi ya juu hewa ilikuwa baridi na nyembamba. Unavuta, unadhani umevuta, kifua kinakuambia bado. Wanawake waliokuwa wakilima waliinua migongo wakatuambia, "Komera." Kwetu neno hilo, yaani uwe na nguvu, huambiwa anayefanya kazi, na huambiwa pia aliyefiwa, kwa hiyo sikujua kama wananipa moyo au wananipa pole.

Usiku ulipita. Sina la kusema juu yake isipokuwa kwamba Kadidja aliongea mpaka alfajiri, habari za wateja wake, za mume wake, za bibi harusi aliyenenepa kati ya kupimwa na kuvaa, na nilimshukuru Mungu kwa mdomo ule ule ambao mchana nilitamani kuushona. Kulipopambazuka alitandika mtandio wake wa akiba kwenye majani akaswali. Mimi nilimshikia mfuko, nikasali rozari yangu kwa vidole. Tulipoondoka hatukuwa tena watu wawili waliokasirikiana. Tulikuwa tumechoka mno kwa kazi hiyo.

Mchana wa siku ya pili ndipo miguu yangu ilipokufa. Tulikuwa chini ya mlima mrefu wa mwisho, karibu na kibanda cha kuoshea kahawa. Vidole vilikuwa vimevimba ndani ya viatu mpaka kila hatua ikawa kama kukanyaga makaa. Nilikuwa nataka kuacha, na nasema hivyo bila aibu, lakini sikutaka kuwa mimi wa kulitamka. Nilikuwa nasubiri Kadidja alitamke, ili nimlaumu maisha yangu yote.

Kadidja akasimama. Akaitazama miguu yangu, damu inachuruzika kwenye soksi. Akanishika mkono.

"Tosha," akasema. "Dada, tosha. Tosha sasa hivi."

Nikakaa chini palepale. Nafuu iliyonishika siwezi kuieleza, na juu ya nafuu ikaja hasira, na juu ya hasira kilio. Nilimwona Mama na magoti yake. Nilikiona kitenge kikipanda gari. Lakini mwenzangu alikuwa amesema inatosha, na mimi ni nani nimkatalie. Nikaanza kufungua pini za namba kifuani, kwa sababu anayeacha hukabidhi namba. Crispin, kijana wa watu wa mbio aliyekuwa akitufuata na baiskeli, alishuka akaja taratibu, uso umemwanguka. Akanyoosha mkono. Namba ikiingia kwenye begi lake ndiyo basi.

"Crispin, ngoja kwanza," Kadidja akasema. Kisha akanigeukia. "Mbona unatosha namba?"

"Si wewe umesema tosha?"

"Mi nilisema viatu."

"Umesema tosha. Mara tatu."

"Mais, viatu, Adventina. Tosha viatu. Mi nitakata hii ngozi ya mbele, vidole vipate hewa. Namba ya nini? Namba inakufinya?"

Nilimtazama. Crispin alimtazama. Kwa watu wa mjini kwao, kutosha ni kutoa, ni kuvua. Wanatosha viatu, wanatosha kofia, wanatosha hata picha. Si kwamba sikuwahi kulisikia. Nilishalisikia sokoni Muyinga na kulicheka. Lakini mtu aliyechoka husikia neno analolitaka, na mimi nilikuwa nalitaka hilo tangu alfajiri.

"Kwa hiyo hujachoka," nikamwambia.

"Niko kufa," akasema. "Lakini sijasema naacha. We ndo ulitaka kuacha?"

Crispin alirudisha mkono mfukoni, akageuka kutazama baiskeli yake, na mabega yakaanza kumtikisika. Kadidja ndiye aliyeangua kicheko kwanza. Mimi nilifuata, nalia huku nacheka, nimekaa kwenye matope ya kahawa na namba yangu mkononi. Nilimtukana yeye, nikaitukana Gitega, nikakitukana na Kiswahili chake chote tangu kilipozaliwa. Alinivua viatu huku natukana. Alipitisha sindano kwenye moto wa kiberiti cha Crispin, akatoboa malengelenge, akafunga vidole kwa vipande vya mtandio wake wa akiba, uleule wa kuswalia. Halafu akachukua mkasi akakata ncha za viatu vyangu, vikatoka kama ndala zilizokosa adabu.

"Vaa," akasema. "Hilo neno unalijua?"

Nilivaa. Ule mlima niliupanda kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa tamu. Kila nilipopunguza mwendo, Kadidja aliniuliza kwa upole kama anitoshe kitu kingine. Maumivu hayakwenda popote, ila yalikuwa yamepata nafasi ya kukaa. Tulipofika juu tukaiona Gitega, mabati yake yakimetameta kwenye vilima vyake, na jua likiwa limeshaanza kuinama upande wa magharibi. Nilisema kwa sauti, nadhani kwa kitenge, "Ni pale."

Tuliteremka tunakimbia, kama ule unaweza kuitwa kukimbia. Waendesha baiskeli wenye mikungu ya ndizi walitupita wakatupigia kengele. Tukaingia mjini. Mtu wa pikipiki akasema watu wengi wameshafika, tuharakishe, kamba bado ipo. Zilibaki nyumba chache tuuone uwanja wa Musinzira.

Hapo barabarani, mbele yetu, kulikuwa na mwanamke mzee anatembea. Alikuwa na fimbo. Anaweka fimbo, anavuta mguu mmoja, anavuta wa pili, anapumzika kidogo, anaweka fimbo tena. Nyuma yake, mbali kidogo, kaka yangu Bonifasi alikuwa anamfuata kama mtu aliyekatazwa kusogea. Nilimjua Mama kwa mgongo. Mgongo ule naujua kuliko uso wake.

Bonifasi alituambia haraka. Alimleta kwa gari hadi chini ya kilima cha mwisho kabla ya mji, Mama akagonga kioo, akaomba kushuka. Alikuwa ametembea tangu asubuhi. Alikataa mkono, alikataa kiti, alikubali maji tu.

Kadidja, ambaye alikuwa hajawahi kumwona isipokuwa ile asubuhi ya kuondoka, alimwamkia vizuri, kisha akasema, "Mama, jua linazama. Pale mbele kuna kamba. Tunaendaje?"

Mama hakusimama. "Mimi natembea," akasema. "Nyinyi kimbieni."

"Tulifungwa kwenda wawili," Kadidja akasema. "Bon, sasa tuko watatu."

Nikamtazama Kadidja. Alikuwa anaweza kunivuta tukimbie, na haki ilikuwa yake, kwani maili zote zile zilikuwa zake pia. Lakini alishaingiza kwapa lake upande wa kushoto wa Mama, kama mtu anayesaidia shangazi yake kutoka harusini. Mimi nikaingia upande wa kulia. Hatukumbeba. Angetupiga kwa fimbo. Tulimwegemeza tu, na miguu yake ikakanyaga chini, kila hatua ya kwake.

Jua lilikuwa limegusa mlima. Kule uwanjani waliokaa walianza kusimama. Vijana wawili walikuwa wameshika kamba, mmoja ameanza kuikunja, na Crispin akatutangulia kwa baiskeli akipiga kelele asikunje. Watu wakaanza kupiga makofi, si kwa haraka, bali kwa kufuata mwendo wa Mama. Fimbo, makofi. Mguu, makofi. Sijawahi kusikia makofi ya namna ile na sidhani nitayasikia tena.

Tukavuka. Jua lilikuwa bado limebakiza ukingo mwekundu, na msimamizi alituandika. Tulikuwa wa mwisho. Niliruka, au nilidhani nimeruka. Nililia kwa sauti kubwa mbele ya watu wote na sikujali. Kadidja aliinua mikono yake miwili juu akasema Alhamdulilahi, kisha kwa mara ya kwanza tangu nimjue akakosa maneno.

Mama alisimama katikati ya uwanja, anahema, ameshikilia fimbo kwa mikono miwili. Alizitazama nyumba, akakitazama kilima alichokivuka, akanitazama mimi na vile viatu vyangu vilivyotoa vidole nje. Miaka yote ile sikuwahi kumwona akilia, na sasa alikuwa analia. Alikuja mpaka kwangu akaweka kiganja kifuani pangu, juu ya fundo lile alilolikaza mwenyewe.

"Tosha sasa, mwanangu," akasema. "Tosha."

Nilijua alichosema. Alikuwa anasema basi, imetosha, tumefika, tuache kutembea. Lakini Kadidja aliyekuwa nyuma yangu alisikia neno lake la nyumbani. Akasogea, akalifungua lile fundo kwa vidole vyake vya kushonea, akakivua kitenge mgongoni pangu, akakikunja vizuri na kumpa Mama mikononi.

Mama akakipokea. Sikumsahihisha mtu.