Mtoto Huyu Habebwi

Hebu niambie wewe: ukimvua mtoto kofia ukakuta kisogo hakipo, utapiga kelele, au utamrudishia kofia yake upesi?

Mimi nilimrudishia. Kamba za kofia zikanishinda kufunga. Ilikuwa kofia nyekundu ya sufu, na Februari ile ya mwaka wa sabini na tano kulikuwa na joto la mvua, watu wote wanafuta jasho. Nilimvua ili apate hewa tu. Nikaona kichwa cha mjukuu wangu kimekatika nyuma kama mkate uliokatwa ncha, upande wa kulia umebonyea zaidi, na sikio la upande huo limesogea mbele kuliko mwenzake.

Nilikuwa nimefika asubuhi hiyohiyo. Nilipanda treni Usinge na kibuyu cha asali na mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, nikashuka Tabora, mwanangu Wenceslaus akanipokea na baiskeli. Tukapita Kwihara, pale kwenye tembe, nyumba ya udongo ya kale, wanapokuja wazungu kupiga picha, mpaka kijiji chao kipya cha ujamaa, ambako nyumba zilipangwa mistari kama watoto wa shule. Njia nzima alinisifia mtoto. Ana miezi mitano, nimempa jina la marehemu baba, Kasimiri, ananyonya vizuri, halii ovyo. La kichwa hakulitaja.

"Huyu mume wangu kagombana na ukuta?" nikamwuliza mkwe wangu Flavia. Nilitafuta utani ili nisilie.

Flavia alikuwa binti mdogo bado, mwenye haya. Alitazama vidole vya miguu yake, vimejaa udongo wa palizi.

"Usimtishe mtoto wa watu, wifi," akasema Pelagia, dada wa marehemu mume wangu, ambaye aliolewa upande huo na ndiye aliyekuwa akimtazama mtoto mama yake akiwa shambani. "Mimi nimeshaona dawa yake. Kesho asubuhi nakikanda kichwa hicho. Kitambaa cha moto, mafuta, halafu nakifunga kwa utepe, kibanwe barabara. Kitaviringa kama chungu."

"Kichwa si chungu, wifi."

"Nyie wa Usinge mnajua nini? Kuchonga mizinga ya nyuki tu!"

Niliinama nimnyanyue mtoto. Alilala chali katika kitanda kidogo cha mbao ya mninga, kizuri kwa kweli, kimepigwa randa mpaka kinang'aa, ila ndani yake mna shuka moja tu iliyokunjwa, na chini ya shuka ni ubao mtupu. Uso ameugeuzia mlangoni, kwenye mwanga. Mikono yangu haijamfikia, Wenceslaus akaruka.

"Mama, usimbebe!"

Niliganda nimeinama vilevile.

"Mtaalamu amekataza," akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Huyu mtoto habebwi."

"Habebwi? Amefanya nini?"

Akanieleza akiwa amesimama wima, maana mwanangu alikuwa balozi wa nyumba kumi, na jambo la wataalamu halisemi akiwa ameketi. Kwamba walimpeleka mtoto zahanati kupimwa uzito, kichwa kikiwa kimeanza tu kubonyea. Mwuguzi akakishika, akakigeuza huku na huku, akasema kwa kinywa chake: mtoto huyu habebwi. Basi yeye akarudi nyumbani akachonga kitanda.

"Flavia alikuwepo. Mwulize."

"Ndivyo alivyosema, Mama," Flavia akanong'ona.

Nikaketi juu ya mfuko wangu wa michembe. Katika maisha yangu nimeona mtoto aliyekatazwa maziwa ya ng'ombe, nimeona aliyekatazwa jua. Aliyekatazwa mgongo wa mama yake sikuwa nimemwona.

Muda kidogo mtoto akataka kunyonya. Hapo ndipo nilipokaribia kupiga yowe. Flavia alipiga magoti kando ya kitanda, akashika kingo za ubao kwa mikono miwili, akainama mpaka ziwa likamfikia mtoto mdomoni. Akabaki hivyo, mgongo umepinda, shingo imetoka mishipa, mtoto ananyonya chali. Alikuwa akimtazama mwanawe machoni. Hakumgusa hata kwa kidole.

"Na kubatizwa?" nikauliza. "Mlimpelekaje kanisani?"

"Na kitanda chake," akasema Wenceslaus. "Mimi mbele, shangazi nyuma."

"Padri akasemaje?"

"Alitupa pole."

Asubuhi nilimkuta Pelagia ameshawasha moto. Vitambaa vilichemka chunguni, mvuke unapanda, na utepe mrefu wa kitambaa cha marekani ameutundika begani. Nikafikiria ule utosi laini wa mtoto, unavyopigapiga kama moyo, na vitambaa vile. Lakini wifi yangu ukimzuia kwa ukali ndiyo umemtuma.

"Wifi," nikamwambia, "mikono yako ni mizuri, naijua. Nipe asubuhi hii moja. Nataka nimsikie huyo mwuguzi kwa masikio yangu. Akisema ukande, mimi mwenyewe nitakushikia chungu."

"Wenceslaus, umemsikia mama yako? Atanishikia chungu!" Akacheka, akaondoa vitambaa motoni, akachukua chupa yake ya mafuta akatufuata. Alitaka ushahidi.

Mtoto habebwi, kwa hiyo tulikibeba kitanda. Wenceslaus mbele, mimi nyuma, Flavia pembeni akimkinga mwanawe jua kwa kanga. Tulikuwa hatujafika mbali nikaona wanaume wawili waliokuwa wakija na majembe wamesimama kando ya njia. Wakavua kofia. Mwanamke mmoja akatua kuni zake, akashika kichwa. "Poleni jamani! Mmepoteza?"

Nilielewa kabla ya mwanangu. Kitanda kidogo, watu wawili, mama anafuata kimya, kanga juu. Walidhani tunakwenda kuzika.

"Yu hai!" nikapiga kelele. "Yu hai, ndugu zangu! Amelala tu!"

Wenceslaus akasimama. Niliona kisogo chake kinatoka jasho. Machozi yalimdondoka Flavia moja kwa moja juu ya ile kanga, na hakuyafuta.

Zahanati, mwuguzi aliyeitwa Kuluthumu, mwanamke mrefu wa Tabora mjini, alipotuona mlangoni aliinuka mpaka kiti kikaanguka.

"Kimemkuta nini mtoto?"

"Hajambo," akasema Wenceslaus. "Tumemleta umwone kichwa."

"Hajambo? Sasa mbona mmemleta kama maiti?"

"Si wewe uliyesema habebwi?"

Mwuguzi akamtazama mwanangu. Akanitazama mimi. Akaja akamvua mtoto ile kofia nyekundu, akaziba mdomo kwa kiganja.

"Nilisema habebwi," akasema polepole, "maana yake hammbebi! Niliona kisogo kinabonyea, nikajua analazwa chali kutwa. Nilikuwa nawagombeza, baba! Sikuwakataza!"

Neno ni lilelile. Nililirudia moyoni, habebwi, habebwi, nikalisikia mara amri, mara lawama.

"Sisi tulisikia katazo," akasema Wenceslaus. Sauti ya balozi ilikuwa imekwisha. "Mtaalamu akikataza, tunatii."

Kuluthumu alimpapasa mtoto utosi, akamgeuza shingo taratibu kushoto na kulia, akamfuatisha kidole kwa macho. Mtoto akamcheka. "Mfupa bado mchanga," akasema. "Mbebeni. Akilala mgeuzieni mwanga, leo huku, kesho kule. Akiwa macho mlazeni kifudifudi mbele yenu, ajifunze kuinua shingo. Kitajaa, lakini polepole, na pengine alama kidogo itabaki. Tena nisisikie mtu anakikanda wala kukibana."

Pelagia akaiingiza chupa ya mafuta ndani ya kanga yake. "Nani akande kichwa cha mtoto?" akauliza. "Watu wengine hawana akili."

Mwuguzi akamtoa mtoto kitandani, akamgeukia Flavia. "Wewe mama mtu, hukuona ajabu, mtoto asibebwe?"

"Niliona."

"Mbona hukurudi kuniuliza?"

Flavia akamwangalia mumewe, kisha mimi, kisha sakafu. Mtu angedhani ameshamaliza. Nikasogea karibu yake.

"Sema, mwanangu. Mimi mama mkwe wako ndiye ninayekuuliza. Wewe ulikuwa unataka nini?"

Mikono yake ilikuwa imeshanyooka mbele, mitupu, kabla mdomo haujafunguka.

"Nilitaka kumbeba," akasema. "Tangu siku ile, Mama. Nilitaka nipalilie naye mgongoni, nikiimba asikie wimbo unatokea kwenye mbavu zangu. Nipeni mwanangu nimbebe."