Kopo Lililokatwa

Mzee Ndambuki wa mtaa wa Mbotela, Nairobi, alikuwa ameendesha magari ya watu maisha yake yote, na alipostaafu akabaki na moja lake mwenyewe: Korola ya zamani, steshenwagoni ya rangi ya maziwa. Kwa gari hilo alikuwa akienda Wamunyu, kwao Ukambani, kuchukua vinyago vya shemeji zake na kuvileta Nairobi. Shida ilikuwa vilima. Likishapakiwa twiga na vifaru wa mbao hadi paani, lilipanda likihema, malori yakilipita na madereva wachanga wakimpigia mzee honi kama wanaofukuza mbuzi barabarani.

Akaenda kwa Wekulo. Huyu alikuwa fundi wa makamo, mzaliwa wa Bungoma, na karakana yake ilikuwa uwanja mdogo nyuma ya nyumba za mtaa. Watu walimsifu kwa injini, naye alizipenda sifa hizo kuliko alivyokubali.

"Mwanangu, nataka nguvu," mzee alimwambia. "Lakini nguvu safi. Gari likienda kukaguliwa, wapime moshi, wanipe cheti changu bila kunong'onezana na mtu. Sijahonga barabarani tangu ujana, sitaanza na mvi hizi."

"Tulia, mzee. Tutashusha hii injini ndogo, tuweke ya elfu moja na mia sita, ile inayopimiwa mafuta na kompyuta. Inakuja na kopo lake la kusafisha moshi. Nguvu itapanda, moshi utashuka."

Ilikuwa kweli tupu. Hakuna awezaye kusema Wekulo alianza kwa kudanganya.

Kopo alilolitaja hukaa chini ya gari, katikati ya bomba la moshi. Ndani mna kitu kama sega la nyuki, na moshi ukipenya humo sumu yake hupungua. Wezi wa mjini hulipenda kwa ajili ya madini yake, na mara nyingi mwenye gari huamka asubuhi akakuta limekatwa.

Injini ikafungwa. Lakini Wekulo alipolijaribu gari kwenye mwinuko, lilipanda kivivu vilevile. Alibadilisha plagi, akasafisha nozeli, wapi! Mzee alipita kila jioni kuuliza habari, na Wekulo alikuwa ameshajigamba mbele ya wateja kwamba gari hilo litapaa. Hapo ndipo alipolilaumu kopo. Alikuwa amesikia vijana wa magari ya mashindano wakisema ndilo linaloikaba injini. Akalikata, akalipasua aone kama limeziba, na sega likamvunjikia mikononi. Mahali pake akachomelea bomba tupu. Gari likapata mngurumo mnene na nguvu kidogo. Hiyo kidogo akaiita ushindi.

Ukaguzi ulikuwa umekaribia. Katika karakana palikuwa na gari la Lenah, mwenyekiti wa kamati ya mtaa, lililoletwa kurekebishwa breki. Lilikuwa na injini ya aina hiyohiyo. Wekulo akalifungua kopo la Lenah, akaliunga kwenye gari la mzee kwa vibano, wakaenda kwa wakaguzi pamoja. Ndambuki alikaa kando yake amevaa koti la kanisani, midomo ikisali taratibu. Gari likapita. Jioni kopo la Lenah lilikuwa limerudi kwake, na bomba tupu limerudi kwa mzee.

Jumapili, wakati wa ushuhuda, Ndambuki alisimama kanisani. "Mungu ametupa fundi," alisema. "Kuna vijana bado wanaofanya kazi mchana kweupe." Waumini wakapiga makofi. Nafula, mkewe Wekulo, alimfinya mumewe mkono kwa furaha. Wekulo aliinamisha kichwa, na watu wakadhani ni unyenyekevu.

Haukupita muda mrefu. Siku moja maofisa wa mazingira waliweka mashine yao kando ya Jogoo Road, wakawa wanapima moshi wa magari. Hawakumsimamisha Ndambuki. Ni yeye aliyesimama mwenyewe, akateremsha kioo, akawaambia wapime waone gari la zamani linavyotunzwa. Wakapima. Wakapima tena. Kisha ofisa mmoja akalala chini, akachungulia.

"Mzee, hapa hakuna kopo. Kuna bomba tu."

Ndambuki alifika karakanani jasho likimtoka, cheti cha ukaguzi kimekunjwa mkononi. "Wameniibia!" alisema kabla hajazima injini. "Kopo lilikuwepo siku ya ukaguzi, wewe ni shahidi yangu. Wamelikata gari likiwa pale lango la mtaa, nilipolilaza. Hebu ingia chini uone."

Wekulo aliingia chini ya gari. Alikaa huko zaidi ya ilivyohitajika, akikitazama kiungo alichokichomelea kwa mkono wake. Kilikuwa kizuri, kimenyooka. Nje aliviona viatu vya mzee vikihama huku na huku, na viatu vya watu wengine vikiongezeka.

"Ni kweli limekatwa?" sauti ya mzee ikauliza.

"Limekatwa," alijibu Wekulo kutoka chini.

Hakusema uongo hata herufi moja, na hakuwahi kusema uongo mkubwa kuliko huo.

Magari ya mtaa yalilindwa na Maingi, mtu mkimya aliyeyaosha pia asubuhi. Alikuwa akikaa katika chumba kidogo kando ya lango, alichopewa na kamati. Ndambuki ndiye aliyelitaja jina lake, tena kwa uchungu, maana walikuwa watani wa siku nyingi. "Nani mwingine angelala chini ya gari langu asiulizwe?" Neno likaruka nyumba hadi nyumba. Vijana wawili wakaenda kupekua chumba. Wakatoa godoro, sufuria, nguo za kanisani, Biblia iliyofungwa kwa mpira, vyote vikawekwa juani mbele ya watoto. Kopo halikuonekana. "Ameshauza," mtu akasema, na hiyo ikatosha kuwa ushahidi.

Lenah alijaribu kuwatuliza. Maingi hakupiga kelele. Aliangaza macho katika umati mpaka akampata Wekulo.

"Fundi, wewe ndiye mtu wa vyuma hapa. Umeona mkato wenyewe. Waambie kama huo ni mkato wa mwizi."

Wekulo alifungua mdomo. Watu wote walinyamaza wamsikie, na kunyamaza huko ndiko kulikomvunja. Aliuona uso wa mzee, akaona nyuso za wateja wake. "Mimi… siwezi kujua," alisema.

Maingi alimtazama kidogo zaidi, kama mtu anayehakikisha kwamba amesikia vizuri. Kisha akakusanya vitu vyake. Nafula, aliyekuwa akimpelekea uji kila asubuhi, alisimama kwenye mlango wa nyumba yake akasema kwa sauti, "Na kumbe tulikuwa tunalisha mwizi." Maingi akajitwika godoro, akatoka langoni.

Wekulo aliona njia ya kujisafisha bila kujitaja. Akamwambia Ndambuki kwamba kopo jipya atalinunua yeye, kwa mapenzi tu. Mzee alimshika mikono yote miwili, machozi yakimlengalenga. "Wewe ni mtoto wangu kabisa," alisema. Wekulo alitamani angetukanwa.

Akalifunga kopo jipya. Na kwa kuwa hakutaka tena kitu chochote kibaya kubaki katika gari lile, akafungua kifuniko cha mbele cha injini aangalie mkanda unaopanga mwendo wa vali. Akasogeza taa. Akahesabu meno ya gurudumu dogo, akahesabu tena. Mkanda ulikuwa umeruka jino moja. Haukuruka barabarani. Alama ya rangi nyeupe aliyoiweka mwenyewe siku ya kuifunga injini ilikuwa pale, kando ya jino lisilo lake. Yeye ndiye aliyeukosea.

Akaupanga upya. Akalitoa gari, akapanda nalo mwinuko uleule, na likapanda kama linalovutwa kwa kamba kutoka juu, kimya, bomba la nyuma halitoi hata harufu. Nguvu yote aliyoahidi ilikuwa ndani yake tangu siku ya kwanza, na moshi ulikuwa safi. Kopo halikuwahi kuwa na kosa. Wekulo alilisimamisha gari kando ya barabara, injini ikinguruma polepole, akaweka paji la uso kwenye usukani. Alikuwa amemtoa mtu nyumbani kwake ili afiche jino moja.

Alilipeleka gari kwa Ndambuki mchana huohuo. Mzee alikuwa mlangoni akipaka mafuta kinyago cha swara. Wekulo alikataa kiti, akasimulia akiwa amesimama: kopo alilolipasua, kopo la Lenah, jibu alilolitoa akiwa chini ya gari, mkanda. Hakubakiza kitu, na alipojaribu kusema alikuwa na presha ya kazi, akaliacha neno hilo katikati.

Ndambuki hakufoka. Aliendelea kukipaka kinyago mafuta mahali palepale, mpaka kitambaa kikakauka.

"Wewe ulinyamaza," alisema mwishowe. "Lakini jina la Maingi lilitoka kinywani mwangu. Na pale kanisani nilisimama." Akaweka kitambaa chini. "Lete ufunguo."

Wakaenda pamoja mtaa wa Kiamaiko, alikosemekana Maingi amehamia, mzee akiendesha. Maingi walimkuta kwa binamu yake, akibeba ngozi za mbuzi kutoka machinjioni. Ndambuki alivua kofia, akaomba radhi kwanza, kwa Kikamba, taratibu, kama anavyoomba mtu mzima aliyekosea. Kisha zamu ikawa ya Wekulo. Maingi alisikiliza huku akifuta mikono kwa gunia.

"Rudi, ndugu yangu," mzee alisema. "Chumba ni chako. Lenah tutamweleza."

"Chumba sitaki," alisema Maingi. "Nimepata kazi. Inanuka, lakini hapa hakuna aliyemwaga nguo zangu." Akamgeukia Wekulo. "Kitu kimoja nakitaka. Twende Mbotela, mimi na wewe, kwa miguu. Tupite mlango kwa mlango. Kila mlango uliosikia mimi ni mwizi, usikie ukweli kutoka kwako."

Na ndivyo walivyofanya, Jumamosi, watu wote wakiwa nyumbani wakifua. Walianzia kwa Lenah. Alisikiliza mikono ikiwa kiunoni. "Yaani langu ulilifungua hata bila kuniuliza?" Gari lake lilikuwa limeletwa tena karakanani; akalichukua siku hiyohiyo, na halikurudi tena. Mlango wa pili, mzee mmoja alicheka akidhani ni mzaha. Mlango mwingine, wale vijana waliopekua chumba walitazama chini, na mmoja akasema, "Aaa, fundi, hiyo si poa." Maingi alimfuata kila mlango. Alisimama hatua moja nyuma ya Wekulo, mikono imekunjwa, akihakikisha.

Wekulo alidhani aibu itazoeleka, kama mkono unavyozoea maji ya moto. Haikuzoeleka. Kila mlango ulikuwa na uso wake, na kila uso ulibadilika kwa namna yake.

Walipomaliza safu ya mwisho, alimgeukia Maingi. "Tumemaliza."

"Bado mmoja," alisema Maingi.

Wekulo alijua ni upi. Nafula alikuwa uani kwake, mikono imejaa povu, amewaona wakija tangu mbali, na tayari alikuwa amekunja uso kumtazama yule aliyemwita mwizi.

"Huyu anafuata nini hapa?" aliuliza.

"Mama Triza," Wekulo alisema. "Mkaribishe kwanza. Halafu keti, kuna jambo nimekuficha."

Nafula alimtazama mumewe, akamtazama Maingi, akafuta povu kwenye leso yake polepole. Hakuketi. Wekulo akaanza kusimulia tangu mwanzo, na safari hii Maingi hakusimama nyuma yake. Alienda akasimama kando ya kamba ya nguo, akageuza uso upande mwingine, ili mke amsikilize mumewe.