Kura ya Nesi Eirlys

Tangu Macsen wangu azaliwe, Nesi Eirlys alikuwa akija kumpima kila Jumanne na kula vikeki vyangu vya zabibu. Ndiye pekee niliyemwambia kwamba Huw, baba wa mtoto, amerudi, na kwamba akilewa anavunja milango.

Kwenye kikao cha ustawi wa jamii kuhusu Macsen, mwenyekiti akawauliza wajumbe mmoja mmoja: jina la mtoto liingie kwenye rejista ya ulinzi, ya watoto walio hatarini? Mimi mama yake sina kura. Polisi akasita. Eirlys hakusita.

"Liingie. Mama mwenyewe kaniambia."

Nje akanishika bega. "Hawamchukui mtoto, mwanangu. Watakusaidia tu."

"Kumbe ulikuwa unakuja kula au kunipeleleza?"

Jumanne atakuja tena. Sasa imeandikwa kwenye mpango wa ulinzi kwamba lazima nimfungulie mlango.